Maua yapo, kipepeo hayupo: bustani inakosa nini?

Mwezi wa sita wifi yangu anayeishi Columbus, Ohio, alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia. Alikuwa amenunua chupa nyekundu ya kuwekea maji ya sukari, akaitundika barazani, akawa anawangoja wale ndege wadogo wa Marekani ambao mabawa yao huvuma kama nyuki. Mwezi wa tano walikuja wawili, kila asubuhi. Mwezi wa sita, kimya. Na vipepeo je? Mwaka huu, alisema, amewahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na bustani imejaa maua. "Jamani, hawa viumbe wamekwenda wapi?"

Mama akajibu kutoka Muheza kwamba hata huko vipepeo si wale wa zamani. Mjomba wa Mombasa, ambaye hajawahi kukosa jibu, akaandika neno moja tu: "Minara." Yaani minara ya simu. Kufika usiku kundi lilikuwa na maelezo saba yanayopingana, mojawapo likidai ni sukari ya siku hizi.

Swali la wifi ni zuri, ila ndani yake mmefungwa maswali matatu tofauti, na ndiyo maana majibu yaligongana. La kwanza: ndege na vipepeo wanapungua kweli? La pili: mbona mimi siwaoni kwangu? La tatu: bustani yenye maua tele inakosaje wageni? Nitayafungua moja moja, lakini kwanza tujue tunawazungumzia nani.

Ndege wa wifi si chozi, yule ndege mdogo wa kwetu anayenyonya maua. Wengi wetu tukiona picha ya ndege mvumaji wa Marekani, kwa Kiingereza hummingbird, tunasema, "Aa, huyu yupo kwetu, hunyonya maua ya mgomba." Wanafanana kwa umbo dogo, rangi zinazometameta na mdomo mwembamba kama sindano ya kushonea magunia, lakini hawana udugu. Wavumaji wako aina zaidi ya 300, na wote huishi mabara ya Amerika peke yake. Chozi ni wa Afrika na Asia. Kila mmoja alifika kwenye kazi ileile kwa njia yake, kama vile mvuvi wa Kigoma na mvuvi wa Lamu walivyoishia kusuka nyavu bila kufundishana. Tofauti utaiona wakila: chozi hupenda kutua kwenye kitawi ndipo ainame kunywa, mvumaji hutulia hewani mbele ya ua, mabawa yakipiga mara hamsini hivi kwa sekunde.

Wanachokunywa ni mbochi, yale maji matamu yaliyo ndani ya ua, ambayo vitabu vya shule huyaita nekta. Kipepeo naye hunywa mbochi. Hapo ndipo kosa la watu wengi linapoanzia, maana tukishajua kwamba wanakunywa mbochi, tunadhani hayo ndiyo maisha yao yote.

Wanapungua kweli?

Vipepeo, ndiyo, na safari hii si hisia za wazee. Mwezi wa Machi 2025 jarida la Science lilichapisha hesabu kubwa kuliko zote zilizowahi kufanywa kuhusu vipepeo wa Marekani. Watafiti walikusanya matokeo ya safari za kuhesabu zaidi ya 76,000, zenye vipepeo milioni 12.6 wa aina 554. Kati ya mwaka 2000 na 2020 idadi yao ilishuka kwa asilimia 22. Kwa lugha ya sokoni: palipokuwa na vipepeo watano, wamebaki wanne. Aina 107 zilipoteza zaidi ya nusu.

Ohio yenyewe ina daftari lake. Tangu mwaka 1996 watu wa kujitolea hupita njia zilezile kila wiki, wakiandika kila kipepeo wanayemwona. Ni walimu wastaafu, wauguzi, watu wa kawaida tu wenye kofia na kalamu. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba katika miaka 21 vipepeo wa jimbo hilo walipungua kwa theluthi moja. Yaani kama asilimia mbili kila mwaka. Asilimia mbili huioni kwa macho. Ni kama pipa linalovuja tone kwa tone: kila asubuhi maji yako palepale, hadi siku unachota kata inagonga chini.

Kwetu daftari la namna hiyo liko vichwani mwa watu kama Mama. Simdharau Mama, lakini kumbukumbu ina tabia ya kuongeza chumvi kwenye mambo ya utotoni. Ndiyo maana ninapotaka namba naangalia Ohio, si Muheza.

Wavumaji ni habari yenye mikunjo. Ndege wote wa Marekani na Kanada kwa pamoja wamepungua karibu bilioni tatu tangu mwaka 1970. Hesabu hiyo ilitoka mwaka 2019. Lakini ndani ya umati huo kila aina ina safari yake. Mvumaji mwekundu kama kutu, anayezaa magharibi hadi Alaska na kukimbilia Meksiko wakati wa baridi, amepoteza zaidi ya nusu ya jamaa zake. Mwenzake wa pwani ya Pasifiki aitwaye Anna's ameongezeka na kusogea kaskazini hadi Kanada, akisaidiwa na maua yaliyopandwa na watu pamoja na hizo chupa za sukari. Na yule wa koo jekundu, ambaye ndiye mvumaji pekee anayezaa upande wa mashariki, na ndiye mgeni wa wifi? Huyo bado anahesabiwa kwa mamilioni.

Sasa mbona hakuonekana mwezi wa sita?

Kwa sababu alikuwa na shughuli. Madume hufika mwisho wa Aprili na Mei wakiwa na njaa, baada ya safari ambayo wengi wao huvuka Ghuba ya Meksiko kwa mruko mmoja wa takriban kilomita 800. Ndege huyo ana uzito wa gramu tatu hivi, pungufu ya kijiko cha chai cha sukari. Wakati huo maua bado machache, kwa hiyo chupa ni mkombozi. Kufika Juni maua ya porini yamefunguka kila mahali, na majike wamelalia mayai, mawili kwa kawaida, katika kiota kisichozidi nusu ya limau, kilichofumwa kwa utando wa buibui. Mwezi wa saba na wa nane, makinda yakishatoka, chupa hujaa tena.

Nilimwandikia wifi hivyo. Wiki tano baadaye akatuma video: ndege wanne wanagombania chupa moja. Mjomba akasema pengine mnara umeharibika.

Kwa hiyo unachokiona dirishani si sensa. Kutomwona ndege wiki tatu hakuthibitishi kwamba amekwisha, na kumwona leo hakuthibitishi kwamba yuko salama. Ila kwa vipepeo wifi alikuwa sahihi, na hapo ndipo tunafika kwenye kiini chenyewe.

Ua ni hoteli, jani ni nyumbani

Kila mtoto wa darasa la tano amechora ule mduara: yai, kiwavi, pupa, kipepeo. Tunauchora, tunapata alama, tunausahau. Tukikua tunapenda kipepeo na kumchukia kiwavi, kana kwamba ni wanyama wawili. Ni mmoja. Kiwavi ni kipepeo mtoto, na mtoto huyo hanywi mbochi. Anakula majani. Tena si majani yoyote.

Mimea haipendi kuliwa, kwa hiyo mingi hujaza sumu kwenye majani yake. Fikiria muhogo mchungu. Aliyelelewa na bibi anayejua kuuloweka na kuuanika anaula maisha yake yote; mgeni akiuchimba na kuutafuna mbichi tunamkimbiza hospitali. Viwavi nao wako hivyo. Kila ukoo umerithi, kwa mamilioni ya miaka, mbinu ya kuimudu sumu ya mimea michache. Nje ya hiyo, kiwavi hufa njaa akiwa amezungukwa na majani. Mmea ambao kiwavi anaweza kuula tuuite mmea mlezi.

Mfano maarufu ni kipepeo mfalme wa Marekani, yule wa rangi ya chungwa yenye mistari myeusi. Jike hutaga kwenye kundi moja tu la mimea, magugu yenye utomvu mweupe kama maziwa. Magugu hayo zamani yaliota katikati ya mashamba ya mahindi na soya. Zilipokuja mbegu zinazostahimili dawa ya kuua magugu, mkulima akaweza kunyunyizia shamba zima. Mahindi yakabaki, magugu yakafa, na walezi wakaondoka nayo. Vipepeo hao hukusanyika majira ya baridi kwenye misitu ya milimani nchini Meksiko, wakining'inia kwenye miti kwa wingi kiasi kwamba huhesabiwa kwa eneo, si kwa vichwa. Majira ya 1996 na 1997 walifunika zaidi ya hekta 18. Majira ya 2023 na 2024 hawakufika hata hekta moja. Yaliyofuata walipanda karibu hekta 1.8, maana hali ya hewa ikiwa nzuri hujitutumua. Desemba 2024 serikali ya Marekani ilipendekeza waingizwe kwenye orodha ya viumbe walio hatarini.

Ndugu yake yupo kwetu, na huenda umempita leo bila kumsalimu. Ni yule kipepeo wa rangi ya chungwa iliyopauka, ncha za mabawa nyeusi zenye madoa meupe, anayeruka polepole kama hana haraka ya maisha. Viwavi wake hula mimea ya jamii ileile ya utomvu mweupe, ikiwamo ule wenye majani mapana ya kijivu unaoota kandokando ya barabara maeneo makavu. Hana haraka kwa sababu sumu aliyoila utotoni bado imo mwilini. Ndege akimjaribu, hatamjaribu wa pili.

Sasa rudi bustanini kwa wifi. Nilimwomba picha. Nyasi zilizokatwa kama kichwa cha mwanajeshi, ua wa kijani kuzunguka nyumba, na vichaka vitatu vya maua ya zambarau ambavyo dukani viliandikwa "rafiki wa vipepeo". Kichaka hicho asili yake ni China. Vipepeo hukipenda mno, wanakunywa hadi wanalewa, lakini karibu hakuna kiwavi wa Amerika Kaskazini anayeweza kuishi kwa majani yake. Ni hoteli nzuri isiyo na wodi ya wazazi. Kipepeo anapita, anakunywa, anaenda kutafuta pa kutaga, hapati mtaa mzima.

Mtaa mzima, kweli. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba nyasi za mapambo za Marekani zimefunika kama kilomita za mraba 163,000. Malawi nzima ina 118,000 hivi. Nchi kubwa kuliko Malawi, ya kijani kibichi, na kiwavi hana cha kula humo.

Na wavumaji je, viwavi vinawahusu nini? Vinawahusu kwa makinda. Maji ya sukari ni nguvu tu, hayajengi mwili. Hakuna anayelea mtoto kwa soda. Mvumaji huyalisha makinda yake wadudu wadogo na buibui. Ndege wengine wa bustani wanategemea viwavi zaidi hata ya hapo. Profesa Douglas Tallamy wa Chuo Kikuu cha Delaware amehesabu kwamba jozi moja ya ndege mdogo aitwaye chickadee huhitaji viwavi 6,000 hadi 9,000 kukuza uzao mmoja. Yeye na wenzake, mwaka 2018, waliwafuatilia ndege hao kwenye nyua za watu jijini Washington na vitongoji vyake. Pale ambapo mimea ya asili ilikuwa chini ya asilimia 70, ndege hawakuweza kuzaa vya kutosha kujaza nafasi za waliokufa. Nyua zilikuwa na miti. Ila ilikuwa miti ya wageni, mizuri, safi, isiyotobolewa jani.

Hapa lazima nimtetee mdimu, kabla hamjaung'oa. Ndimu na machungwa asili yake ni Asia, lakini ukitazama majani machanga ya mdimu wa nyumbani utawaona viwavi wadogo wanaofanana kabisa na kinyesi cha ndege. Wakikua wanageuka kijani, na ukiwagusa hutoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Hao ndio wale vipepeo wakubwa weusi wenye madoa ya manjano. Waliweza kuhamia mdimuni kwa sababu mdimu ni wa ukoo mmoja na miti ya porini ambayo mababu zao waliizoea. Kinachohesabiwa ni udugu wa mmea, wala si uraia wake. Lakini bogenvilia iliyopamba nusu ya kuta za Dar es Salaam ilitoka Amerika ya Kusini, mbali na viwavi wa huku.

Wanawake wa vijiji vya Amani, juu kidogo ya kwa Mama, walilijua hili kabla yangu. Kwa miaka mingi walifuga vipepeo wa Usambara na kuuza pupa kwenye maonyesho ya Ulaya na Marekani, kama wenzao wa mradi wa Kipepeo pale Gede, pwani ya Kenya, ulioanza mwaka 1993 kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Kazi kubwa ya mfugaji haikuwa kukimbizana na vipepeo. Ilikuwa kupanda miti walezi, kila aina na wake, na kulisha viwavi majani mabichi kila siku. Tanzania ilipopiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai mwaka 2016, wafugaji hao nao wakafungiwa soko. Hiyo ni hadithi nyingine, ila inauma.

Misitu hiyohiyo ya Amani na Arabuko-Sokoke ina chozi wake, chozi wa Amani, ambaye yumo kwenye orodha ya ndege walio hatarini duniani. Huyo humvuti kwa mgomba wala kwa chupa. Anataka msitu wenyewe.

Dawa usiyoweza kuiosha

Uchambuzi wa mwaka 2024 kuhusu vipepeo wa majimbo ya katikati ya Marekani ulipima mambo manne kwa pamoja: dawa za kuua wadudu, dawa za magugu, matumizi ya ardhi na hali ya hewa. Zilizoonekana kuhusika zaidi na kupungua kwa vipepeo ni dawa za wadudu, hasa zile zinazopakwa kwenye mbegu.

Hizo zinahitaji maelezo. Dawa ya kawaida hukaa juu ya jani. Mvua ikinyesha inapungua. Dawa ya kupaka mbegu huingia ndani ya mmea unapokua, ikasambaa hadi kwenye jani, chavua na mbochi. Ni kama sukari iliyokorogwa kwenye chai: huwezi kuitoa tena. Nyingi hubaki udongoni, ikayeyuka na maji na kunyonywa na ua la porini pembeni ya shamba. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku tatu kati ya dawa hizo kwenye mashamba ya wazi mwaka 2018. Wifi hana shamba, lakini miche ya kwenye duka la maua inaweza kuwa imelelewa kwa dawa hizohizo. Unanunua mmea mlezi, kiwavi anakula, kesho amekauka. Muulize muuzaji kabla hujalipa. Na yule kijana anayepita na pampu kunyunyizia uwanja wa nyumba dhidi ya mbu, dawa yake haichagui mbu.

Joto nalo limo. Kusini-magharibi mwa Marekani, kwenye ukame na joto kali, ndiko vipepeo walikoporomoka zaidi.

Tuje kwa Mjomba. Kwa nini si minara? Jibu rahisi ni kutazama kalenda. Yale magugu ya maziwa yalikuwa yameshaanza kufa mashambani, na Ohio walikuwa wameshaanza kuhesabu, miaka ambayo simu ya mkononi ilikuwa bado kitu cha wachache. Na Amani, ambako unapanda mlima kutafuta mtandao, chozi wake yuko hatarini vilevile. Mjomba aliisoma hoja hii, akaweka alama mbili za buluu, hakujibu.

Uvumi wa pili ni kwamba chupa ya sukari huwafanya ndege wavivu, wakasahau kuhama. Hawasahau. Mwili wao huamshwa na siku kuwa fupi, si na njaa, na chupa inayobaki hadi vuli humsaidia aliyechelewa. Wamarekani wenyewe walikuwa na imani nzuri zaidi, kwamba ndege hawa huvuka ghuba wakiwa wamepanda mgongoni kwa mabata bukini. Ingekuwa kweli ningelipa nauli kuiona. Chupa ina masharti machache: sukari nyeupe kipimo kimoja kwa maji vipimo vinne, bila rangi, na ibadilishwe kila siku mbili au tatu wakati wa joto. Asali hapana. Kwetu asali ni dawa ya kila kitu, lakini ndani ya chupa hiyo huchacha na kuotesha kuvu.

Wifi hakung'oa vichaka vyake vya zambarau, na mimi sikumwambia aving'oe. Alifukua kipande cha nyasi chenye ukubwa wa mikeka miwili, akapanda yale magugu ya utomvu mweupe ya kwao Ohio. Jirani alimuuliza kama ameishiwa pesa za kukatia nyasi. Mwezi wa nane akatuma picha ya jani lililotafunwa likabaki mshipa tu, na chini yake kiwavi wa mistari myeusi, myeupe na ya manjano, mnene kama kidole cha mtoto. Aliiandikia: "Huyu nimnyunyizie nini?" Nusu ya kundi ikapiga kelele kwa pamoja.

Mama alicheka sana. Yeye miaka yote huwamwagia majivu viwavi wa mdimu wake. Nilipompigia Jumapili aliniambia bado anawamwagia, maana anataka ndimu zake. Ila tawi la upande wa choo amewaachia.